Anzia kule unakotaka kufika: maswali yenu kuhusu komyuniti koleji

Wapendwa wasomaji, hamjambo. Miezi hii ya watoto kumaliza hai skuli barua zenu nyingi zinauliza kitu kimoja, mtoto aende wapi. Nimechagua tano. Nyingine zinafanana sana na hizi kwahiyo ukiona jibu la mwenzio chukua na la kwako humohumo. Mimi nimekaa miaka 11 kwenye ofisi ya wanafunzi ya komyuniti koleji, yaani chuo cha serikali cha miaka miwili huku Marekani, na kabla ya hapo nilisoma huko mwenyewe, kwahiyo ninayoyasema nimeyaona kwa macho.

SWALI: Shikamoo dada. Tupo Columbus, Ohio, mimi ni mama wa watoto wanne. Binti yangu mkubwa anamaliza hai skuli Mei. Amekubaliwa chuo kikuu lakini msaada waliompa hautoshi, itabidi tukope kama dola 16,000 kila mwaka. Yeye mwenyewe anasema bora aanze komyuniti koleji miaka miwili halafu ahamie. Baba yake hataki kusikia, anasema hicho chuo cha waliofeli, na watu wakituuliza kwenye sherehe mtoto anasoma wapi tutaficha wapi sura. Nianzeje kuongea naye?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza mpe hongera binti, mtoto wa miaka 18 anayeangalia mfuko wa wazazi wake kabla ya kuangalia wenzake wanaenda wapi huyo mmemlea.

Baba mi simlaumu kabisa. Kwetu tulikotoka aliyekosa alama za chuo kikuu ndio aliyekuwa anapelekwa chuo cha kati, kwahiyo akisikia koleji picha inayomjia ni ileile. Huku ni tofauti. Komyuniti koleji inapokea karibu kila mwenye cheti cha hai skuli, haidai mtihani wa SAT wa kuingilia chuo, sasa watu wakiona mlango uko wazi wanadhani ndani hamna kitu. Chuo cha kwanza cha serikali cha aina hii, Joliet huko Illinois, kilianza 1901 na wazo lilikuwa hilohilo la binti yako, mtoto asome miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu karibu na kwao. Eileen Collins alianzia koleji ya Corning jimbo la New York, akahamia chuo kikuu cha Syracuse, na 1999 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza safari ya shuttle, chombo cha anga za juu cha NASA, kama kamanda. Jill Biden alikuwa anafundisha Kiingereza komyuniti koleji ya Northern Virginia wakati mumewe ni rais wa nchi. Hamna aliyefeli hapo.

Ila kitu kitakachomgusa zaidi baba naamini ni hesabu, kaeni mezani muiandike pamoja. Mwaka wa masomo 2024-25 wastani wa ada ya komyuniti koleji nchi nzima kwa mkazi wa eneo ilikuwa dola 4,050, chuo kikuu cha serikali kwa mkazi wa jimbo dola 11,610, na hiyo ni ada peke yake, chumba na chakula bado. Mkopo wenu wa miaka miwili ni dola 32,000 kabla ya riba. Na akihamia na kumaliza, cheti chake kitaandikwa jina la chuo kikuu alichomalizia, basi, hakuna mahali panapoandikwa huyu alianzia wapi.

Sasa na upande wa pili lazima niuseme, sitaki mje kuniambia niliwaficha. Wanafunzi 8 kati ya 10 wanaoingia komyuniti koleji wanasema wanataka digrii ya miaka minne, lakini ukiwafuata miaka sita baadaye walioipata ni kama 16 kwa kila 100. Hiyo namba iliniumiza mara ya kwanza nilipoiona na bado inaniuma. Sio kwamba watoto hawana akili. Wanapotea njiani, wanachukua masomo ambayo chuo kikuu hakiyapokei wakihama, kazi inawazidi, na hawana wa kumuuliza. Kwahiyo badala ya baba na binti kubishana koleji ni nzuri au mbaya, waulizeni hao wa koleji njia ya kutokea ikoje. Hapo Columbus mna bahati, Columbus State wana mpango na Ohio State unaitwa Preferred Pathway ambao unaonyesha somo kwa somo achukue nini ili akifika upande wa pili asianze upya, na jimbo la Ohio lina Ohio Transfer 36, yaani krediti 36 (krediti ni kipimo cha uzito wa somo) za masomo ya msingi ambazo vyuo vyote vya serikali vya jimbo vinazitambua. Aombe hiyo karatasi ya njia yake kabla hajajiandikisha somo hata moja, na baba aisome.

Na ulizeni mwanafunzi mmoja anapata mshauri kwa kiasi gani. Kuna mpango wa ASAP ulianzishwa New York kwenye vyuo vya CUNY, chuo kikuu cha jiji hilo, 2007, mtoto anasoma muda wote, ana mshauri anayemjua kwa jina na lazima waonane mara kwa mara, analipiwa nauli na vitabu. Walipopima, waliokuwa ndani ya mpango 40 kwa 100 walimaliza ndani ya miaka mitatu, wenzao wa nje ya mpango 22. Vyuo vitatu vya Ohio vikaiga na huko nako waliomaliza wakaongezeka sana. Watoto ni walewale, tofauti ni kwamba wamepata mtu wa kuwashika mkono.

SWALI: Shikamoo dada, mi niko Texas karibu na Houston, nina miaka 18, nataka kusoma uinjinia. Kuna koleji mbili, moja dakika 10 toka home, nyingine dakika 40 ila majengo mapya na washkaji zangu wote wanaenda huko. Mshauri wa skuli kaniambia zote sawa tu. Nichague ipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Weka koleji zote mbili pembeni kwanza. Niambie unataka kumalizia uinjinia chuo kikuu gani, hata kama hujui kwa uhakika chagua viwili, halafu ndio urudi nyuma uangalie koleji ipi inakufikisha hapo. Nasema hivi kwa uchungu maana mi nilifanya kinyume. Nilichagua koleji kwa sababu basi lilikuwa linapita mbele ya nyumba ya dada yangu, nikasoma vizuri, maksi zangu nzuri, miaka miwili nikapeleka transkripti, orodha ya masomo na maksi zangu, chuo kikuu na ikarudi na krediti 14 zimewekwa kwenye mstari wa chini kabisa, zimeandikwa za hiari. Yaani walizipokea ila hazihesabiwi kwenye digrii yangu. Nilikaa na ile karatasi jikoni usiku nikaijumlisha mara tatu nikidhani nimekosea mimi. Ilikuwa ni semista nzima ya maisha yangu na hela nilizopata kwa kufagia maofisi usiku. Hakuna aliyenidanganya, sikuuliza na hakuna aliyeniambia niulize.

Na sio mimi tu, ripoti ya GAO, ambayo ni ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani, ilikadiria 2017 kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao.

Kwenye uinjinia hii kitu inauma zaidi kwa sababu masomo yamefuatana kama ngazi, ukikosa moja huwezi kuruka. Bahati yako uko Texas na vyuo vingi vya serikali huko vinatumia namba za masomo zinazofanana, nikufundishe kuzisoma. Chukua MATH 2413. Tarakimu ya kwanza, 2, ni ngazi ya mwaka wa pili. Ya pili, 4, ndio idadi ya krediti. Mbili za mwisho zinatofautisha somo na somo. Hiyo ni kalkulasi ya kwanza, halafu 2414 na 2415. Sasa kuna MATH 1332, nayo ni hesabu, ina krediti 3, ni nyepesi, na inatimiza sharti la hesabu kwenye masomo ya msingi ya jimbo, zile krediti 42 ambazo vyuo vya serikali vya Texas vinapokeleana. Mwanafunzi wa uinjinia akiichukua hajavunja sheria yoyote, ataambiwa hongera umemaliza hesabu, lakini kwenye ngazi ya uinjinia hajapanda hata hatua moja. Fizikia ni hivyohivyo, PHYS 1401 ni ya wasiotumia kalkulasi, wewe unataka 2425 na 2426. Mshauri mwenye wanafunzi mia kadhaa anaweza kukupa 1332 kwa nia njema kabisa kwa sababu kwenye skrini yake inawaka kijani. Kwahiyo usimwambie nataka masomo ya msingi, mwambie nataka uinjinia chuo fulani, karatasi ya mpango wao hii hapa, tuipange kwa kuifuata. Karatasi hiyo iko onlaini kwenye tovuti ya chuo kikuu chenyewe, chapisha ya mwaka utakaoanza maana wanabadilisha.

Sasa rudi kwenye koleji zako mbili. Fungua ratiba ya semista iliyopita na ya kabla yake uone kalkulasi ya tatu na fizikia ya 2426 zilifundishwa kweli au ziko tu kwenye kitabu. Koleji ndogo wakati mwingine wanafuta darasa likikosa wanafunzi wa kutosha, halafu unasubiri mwaka. Pili angalia nyumba yenu iko wilaya gani ya koleji, Texas ada inategemea hilo, mkazi wa wilaya analipa chini, wa nje ya wilaya analipa zaidi hata kama ni jimbo hilohilo, na dakika 40 inaweza ikawa umevuka mpaka bila kujua. Tatu ni hizo dakika zenyewe, dakika 80 kwa siku na mafuta na gari la kuazima, zipige kwa semista nne. Kama koleji ya karibu ina kalkulasi zote, ya karibu. Kama haina, nenda ya mbali na usijute. Washkaji mtaonana wikiendi.

SWALI: Shikamoo dada. Sisi ni wakimbizi toka Kongo, tulifika Kentucky 2023 tukitokea kambi ya Nyarugusu. Kijana wangu ana miaka 19 anataka koleji. Kuna mtu anasema atamjazia fomu za hela ya serikali kwa dola 150. Na je mkimbizi anaruhusiwa kweli? Kiingereza chake bado kidogo.

JIBU: Marahaba kaka yangu, na poleni na safari yote hiyo. Usimpe mtu huyo hata senti. Fomu inaitwa FAFSA na ni bure, inajazwa kwenye studentaid.gov, na neno la kwanza la jina lake lenyewe kwa Kiingereza maana yake ni bure. Kijana atafungua akaunti yake na mzazi atakayehusika kwenye fomu atafungua ya kwake, kila mtu na barua pepe yake, msichanganye. Ofisi ya misaada ya koleji wanakaa na wewe mnajaza pamoja bila malipo, nenda na karatasi za kodi na kadi zenu. Na ndio, mkimbizi anaruhusiwa, hati yake ya I-94 yenye muhuri wa ukimbizi ndio ushahidi, na akishapata grini kadi anatumia hiyo. Ruzuku ya Pell, hela ya serikali inayoombwa kwa fomu hiyo, mwaka 2025-26 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395 na hairudishwi kama mkopo, kwa familia yenye kipato kidogo inaweza kumaliza ada ya komyuniti koleji na kubaki za vitabu.

Lakini sikiliza hili kwa makini. Ruzuku hiyo ina ukomo wa maisha, ni sawa na semista 12 za kusoma muda wote, zikiisha zimeisha. Nimeona vijana wameitumia miaka miwili kwenye madarasa ya Kiingereza ndani ya koleji ambayo hayahesabiwi kwenye digrii, halafu wakifika chuo kikuu mwaka wa mwisho mfuko umekauka. Kwenye miji mingi kuna madarasa ya elimu ya watu wazima ya Kiingereza, bure au kwa hela ndogo, mara nyingine koleji yenyewe ndio inayaendesha kwenye jengo la pembeni. Aanze huko, asome usiku na mchana, ndio aingie kwenye mtihani wa kupimwa akiwa na nguvu. Na akishaingia asiache darasa katikati ovyoovyo, lile W la kuacha darasa kwenye transkripti halipunguzi GPA, wastani wa maksi, lakini linahesabiwa kama somo ulilojaribu hukumaliza, na ukishuka chini ya kiwango, vyuo vingi ni kumaliza kama theluthi mbili ya ulizojiandikisha, msaada unasimama.

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi ni CNA, msaidizi wa manesi, hapa Minneapolis miaka minne sasa, mtoto wangu wa kwanza wa kike anamaliza hai skuli na wote wawili tunataka unesi. Koleji za serikali zina foleni. Kuna chuo binafsi kimeniambia hamna foleni, unaanza mwezi ujao, ada dola 48,000. Rafiki yangu kaingia. Tufanyeje?

JIBU: Habari nzuri mdogo wangu, na pole na zamu. Jua kwanza kwamba aliyesoma unesi wa miaka miwili komyuniti koleji na aliyesoma wa miaka minne wote wanafanya mtihani mmoja wa leseni, NCLEX-RN, wakifaulu wote ni RN, nesi mwenye leseni kamili. Hospitali nyingi kubwa zinapenda digrii ya miaka minne kwahiyo ipangeni tangu mwanzo, ila inaweza kuja baadaye mkiwa kazini tayari na pengine mwajiri akalipia. Kwenu Minnesota kuna muungano unaitwa MANE unaounganisha koleji kadhaa na Metropolitan State University kwa ajili hiyohiyo.

Hicho chuo binafsi sikijui na sitakihukumu, vipo vizuri. Lakini kabla ya kusaini chochote fungua tovuti ya bodi ya manesi ya jimbo, utaona kama programu imeidhinishwa, na pale wanaweka asilimia ya waliofaulu NCLEX mara ya kwanza kwa kila chuo, ilinganishe na koleji za serikali za jirani. Kisha uliza ithibati ya programu yenyewe ya nesing, kwa kawaida inatolewa na mashirika ya ACEN au CCNE, maana chuo kinaweza kuwa na ithibati na programu isiwe nayo. Kisha pigia simu chuo kikuu unachotaka kumalizia uwaulize krediti za hapo wanazipokea. Waulize wao, sio yule anayekuuzia nafasi. Akikuambia ofa inaisha Ijumaa, ondoka. Vyuo binafsi vya Corinthian vilifungwa 2015 na ITT Tech 2016, wanafunzi wakiwa katikati ya masomo wana mikopo mikononi.

Foleni nayo ina namna yake. Kuingia koleji ni rahisi, kuingia programu ya unesi ndani ya koleji ndio shughuli, na hapo ndipo watu wengi wanashangaa. Sehemu nyingi wanaangalia maksi za anatomia na fiziolojia ya kwanza na ya pili, mikrobiolojia, na mtihani wa kuingilia unesi kama TEAS. B ya anatomia inaweza kukuacha nje. Kwahiyo wewe mwenye zamu za usiku usichukue anatomia na mikrobiolojia semista moja ili umalize haraka, chukua moja, ipate A. Na uliza sayansi zinaisha muda baada ya miaka mingapi, programu nyingi zinakataa anatomia iliyopita miaka mitano au saba, nimewaona kina mama wamezisoma mapema, wakazaa, wakalea, wakarudi wakaambiwa rudia zote. Binti yako hana haraka hiyo, yeye aanze na kemia msimu huu. Wewe ukipata nafasi ya LPN, nesi wa ngazi iliyo chini ya RN, kwanza sio kushuka, kipato kinapanda na koleji nyingi zina daraja la kutoka LPN kwenda RN.

SWALI: Shikamoo dada. Mwanangu yuko darasa la mwisho, mimi Kiingereza changu cha kuombea maji tu. Tumealikwa siku ya kutembelea koleji. Mimi mzazi nitaangalia nini?

JIBU: Habari yako mzazi mwenzangu, shikamoo yako nimeipokea kwa heshima ingawa huenda wewe ndio mkubwa. Nenda hiyo siku ya mwaliko, kula chakula chao, halafu rudini siku ya kawaida ya wiki, jioni kama saa 12, bila kumwambia mtu. Hapo ndio utaiona koleji. Tafuteni chumba cha kusaidiwa masomo, mwone kama kuna mtu amekaa na mwanafunzi wanafundishana hesabu au ni viti vitupu na karatasi mlangoni inayosema tunafunga saa 10. Angalia maktaba kama taa zinawaka. Angalia wanafunzi wenyewe, utawaona wa umri wako wamevaa nguo za kazi wamebeba begi, waongeleshe, mmoja wao huenda anaongea Kiswahili, mwambie mtoto amuulize, mshauri wako unamjua jina lake? Jibu la swali hilo moja linatosha kukuambia mengi.

Kiingereza hukihitaji kwa hayo, macho unayo. Na mkiwa mnatoka, simameni kituoni kidogo mumuulize dereva basi la mwisho linaondoka saa ngapi, maana darasa la usiku linaweza kuisha saa 3 na dakika 50, na kama basi la mwisho ni saa 3 na nusu, mnahitaji kujua leo kabla hajachagua ratiba.